Maji ya Bahari, Lipangalala

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoiua bahari ya baba yangu. Ilikuwa bahari ndogo, lita mia moja tu, ndani ya tangi la kioo lililokaa juu ya meza sebuleni kwetu Lipangalala, mahali palipokuwa pa redio. Sentensi hiyo ya kwanza nimeiandika mara nyingi na kila mara nikaifuta, nikitafuta namna ya kuisema isiyouma sana. Sijaipata. Naiacha kama ilivyo.

Tangi lilikuja kupitia kwa mama. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyekaa hapo hapo kwetu Ifakara karibu miaka miwili akichunguza samaki wa mto, na mama alikuwa akimfulia nguo. Alipoondoka alimwachia vitu asivyoweza kusafiri navyo: tangi, pampu ndogo ya hewa yenye mpira mwembamba, na kitabu cha Kiingereza chenye picha za rangi kuhusu ufugaji wa samaki ndani ya nyumba. Mama alilizunguka lile tangi mara mbili akasema litafaa kuwekea unga, maana panya hatoboi kioo. Nilimwomba aniachie mwezi mmoja.

Lazima niseme nilivyokuwa wakati ule. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na sikufaulu. Mimi, niliyekuwa nikichana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Kwenye mtihani wa hesabu nilitumia karibu nusu ya muda kulirudia swali la kwanza ili lipendeze, na maswali ya mwisho sikuyafikia kabisa. Hilo sikumwambia mtu. Nyumbani walidhani nimeshindwa kwa sababu masomo ni magumu, nami niliwaacha wadhani hivyo. Nataja jambo hili kwa sababu baadaye nilifanya lile lile tena.

Kitabu nilikisoma kwa msaada wa kamusi isiyo na jalada. Sura nyingi zilikuwa za samaki wa maji baridi, na mtu mwenye akili zake angeanza na hao. Perege walikuwa tele mto Lumemo, mwendo mfupi kutoka kwetu. Lakini sura ya mwisho ilihusu matangi ya bahari, yenye mawe yanayoishi na viumbe wanaofanana na maua, na ilianza kwa kumwonya anayeanza kwamba asijaribu. Nilisoma onyo lile kana kwamba nimeitwa jina. Niliamua kwamba nikiliweza hilo, basi yale matokeo ndiyo yaliyokosea.

Bahari yenyewe ingetoka kwa baba. Alifanya kazi kwenye treni ya mizigo, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera ya kijani na nyekundu, na kila baada ya siku chache alishuka Dar es Salaam na kurudi. Sisi ni watu wa bonde. Baba alizaliwa Masagati, huko mbele ya Mlimba, na kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kutia mguu baharini.

"Maji ya bahari," alirudia nilipomwomba. "Ya kunywa?"

"Hapana baba. Ya samaki."

"Kwani samaki wa huku wamekosa nini?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alidakia. "Mwenzako anataka samaki waliokwisha kutiwa chumvi. Anatupunguzia kazi."

Baba hakucheka. Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu matokeo, akauliza, "Madumu mangapi?"

Nikamwambia matano.

Alileta matano, ya lita ishirini ishirini, pamoja na ndoo ya mawe na kisamaki kimoja cha bluu ndani ya chupa kubwa ya plastiki. Alinisimulia kwamba alikunja suruali ya kazi mpaka magotini wakati maji yamekupwa, akaokota mawe kwenye vidimbwi, na akina mama waliokuwa wakitafuta pweza wakamwuliza amepoteza nini. "Nikawaambia ufunguo," alisema. "Ningewaambia nini? Kwamba binti yangu ameagiza mawe?"

Yaliyofuata naona aibu kuyaandika. Mwaka ule kulikuwa na kipindupindu, na kwetu hakuna maji yaliyoingia ndani ya nyumba bila kuchemshwa. Mama alichemsha ya kunywa, ya kuoshea mboga, hata ya kusukutulia. Kwa hiyo nilichemsha bahari. Nilikaa kwenye jiko la mkaa siku nzima, sufuria baada ya sufuria, na nilipoona ukoko mweupe umeganda kwenye kuta za sufuria nilifurahi, nikajua uchafu unatoka. Mawe nayo niliyasugua kwa mchanga na waya wa kuoshea masufuria, nikayaondolea kila kitu kilichoteleza na kila kitu kilichonuka, mpaka yakawa meupe. Tangi liling'aa. Mama alisema hata mtoto mchanga anaweza kuogeshwa humo. Kisamaki cha bluu kiliishi siku mbili.

Niliirudia ile sura neno kwa neno, na safari hii nikaelewa nilichokuwa nimekiruka kwa sababu sikukipenda. Ule utelezi ndio ulikuwa bahari. Ndani ya mawe mlikuwa na viumbe wadogo wasioonekana ambao kazi yao ni kula uchafu wa samaki, na bila hao maji hujigeuza sumu. Mimi nilikuwa nimewapika na kuwasugua.

Baba alileta tena madumu matano. Hakuniuliza ya kwanza yamekwenda wapi. Mawe mapya aliyafunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na yalipofika yalinuka kiasi kwamba mama alifungua madirisha yote na mlango wa uani. Niliyatia tangini yakiwa vile vile. Kisha kitabu kilitaka jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko kubeba madumu: nisifanye kitu. Wiki ya kwanza maji yalikuwa ya ukungu. Wiki ya pili kioo kilishika utando wa kahawia, kama chai iliyolala. Nilikuwa nakaa mbele yake nimekalia mikono yangu, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja, nisije nikachukua kitambaa. Mama alipita akasema, "Ni lini utaosha hili dubwana?" nikamjibu kwamba haliruhusiwi kuoshwa, naye akaguna kama mtu anayesikia ugonjwa mpya.

Wiki ya nne utando ulianza kuondoka wenyewe. Uliliwa. Konokono wadogo kama punje za mchele, ambao hakuna aliyewaleta kwa kukusudia, walikuwa wametoka kwenye mawe na kupiga njia safi juu ya kioo. Asubuhi moja jiwe la kushoto lilichanua. Kitu kama ua la kahawia kilitoa vidole vyake laini na kuvipungapunga, na nilipomwita mama alisimama na mkono mdomoni. Baba alipokuja na visamaki viwili vya bluu, niliviingiza taratibu, nikiongeza kwenye chupa yao kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano, kwa saa ya ukutani. Siku mbili zikapita, kisha tatu. Ya nne nikaacha kuhesabu.

Watu walikuja kutazama. Muuza maziwa wetu, Msukuma mmoja aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, alikuwa akiegesha baiskeli kila asubuhi na kuchungulia dirishani kabla hata ya kupima maziwa.

"Dada, hawa mtawala lini?"

"Hawaliwi. Ni wa kutazama."

"Hata mimi ng'ombe wangu namtazama. Lakini ana siku yake." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Kisamaki chenyewe hakijazi hata kijiko. Mama, shikamoo, mwanao anafuga kitoweo cha mdoli."

Mama alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mgawo wa umeme ulipoanza, na pampu ikawa inazimika mchana kutwa, ni yeye aliyekaa na kikombe akiteka maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu, akiteka na kumimina, ili yapate hewa. Aliimba polepole kwa Kindamba huku akifanya hivyo. Mikono yake ilikuwa imeshafua nguo za watu asubuhi yote, na hakulalamika.

Kisha baba alipunguzwa kazini. Ilikuja barua, kwake na kwa wenzake wengi, na alipewa muda wa kumaliza safari zake. Kutoka safari ya mwisho alirudi na madumu sita. Matano tuliyatumia kubadilisha maji, kama kitabu kilivyotaka. La sita alilifunga kwa nailoni chini ya mfuniko na kulisukuma chini ya kitanda. "Hili la dharura," alisema.

Miezi iliyofuata baba hakwenda popote. Aliamka saa ile ile ya kazi, akavaa shati la sare na kofia, akanywa chai, akakaa kwenye kiti mbele ya tangi. Watu aliokuwa akiwasalimia barabarani sasa aliwaona kupitia dirishani na hakutoka. Kitu pekee alichokizungumzia kilikuwa mle ndani. "Mkubwa leo hakula." "Ua limehama, tazama, jana lilikuwa huku." Alitoa taarifa hizo kama alivyokuwa akitoa za mabehewa, sauti ile ile, na jioni alizirudia kwa mama kana kwamba mama hakuwepo nyumbani mchana.

Siku moja mama alinishika mkono jikoni. "Mwanangu," alisema, "hivyo vidudu vyako visife. Vikifa, baba yako atakaa anatazama nini?"

Nilikuwa na wasiwasi tangu kuzaliwa, lakini wasiwasi ule ulikuwa na sura. Bahari haikuja tena. Maji yaliyopungua kwa kukauka niliyaongeza kwa maji ya mvua, kwa sababu chumvi haikauki, inabaki. Na ili nisikosee nilikuwa na beseni la plastiki la bluu ambalo nililichora mistari myekundu kwa rangi ya kucha, kila lita na mstari wake, nusu lita na mstari mfupi. Juu ya ukingo niliandika LISIGUSWE. Nilitengeneza pia kipimo cha chumvi kwa ganda la kalamu nililoliziba kwa nta na kulitia mchanga kidogo: katika maji mapya ya bahari lilielea mpaka alama fulani, na kila asubuhi niliangalia kama alama haijapanda wala kushuka. Baba alilipenda ganda lile. Aliinama, akasoma, akatangaza, "Iko pale pale."

Mara moja tu aliniuliza, "Maji haya yatatufikisha wapi?"

"Mbali, baba," nilimjibu. Sikujua. Kitabu kilisema maji yasiyobadilishwa huchoka, na nilifanya kosa la kumtafsiria hilo. Kuanzia siku hiyo neno "kuchoka" halikumtoka mdomoni.

Mvua za masika zilipoanza mama alipata malaria, ikampiga sana, na alipopona tuliamua vyandarua vyote vya nyumba vitiwe dawa. Siku hizo dawa ya vyandarua ilikuwa imeanza kuuzwa madukani, pakiti pamoja na karatasi ya maelekezo. Mama alitaka kufanya kwa kukadiria kama majirani. Mimi sikukubali. Karatasi ilisema dawa ichanganywe na maji ya kipimo kamili kwa kila chandarua, na katika nyumba nzima kulikuwa na chombo kimoja tu chenye kipimo kamili.

Nilisoma karatasi ile mara tatu. Ilisema kwa maneno ya wazi kwamba maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala bwawani, kwa kuwa dawa inaua samaki. Nilitii. Nilichimba shimo nyuma ya choo, nikamwaga humo, nikafukia. Kisha nililiosha beseni kwa sabuni mara tatu, nikalianika juani, nikalinusa, nikaona limetakata. Nilijisifu moyoni kwa kufanya kila kitu sawasawa. Ilinyesha alasiri ile, nikakinga lita nne mpaka mstari wa nne, nikayaacha yatulie kama kawaida, na kesho yake asubuhi nikayamimina tangini. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alisoma ganda la kalamu. "Iko pale pale," alisema.

Kabla ya saa sita mchana ua lilikuwa limejikunja na kuanguka upande. Visamaki vilizunguka kama vitu vilivyorushwa, kimoja kikagonga kioo, kikagonga tena. Baba alisimama. Mama alikuja mbio na kikombe, akaanza kuteka na kumimina, kuteka na kumimina, akidhani ni hewa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikilitazama beseni lililokaa uani na mistari yake myekundu, na nilijua. Nilijua kabisa. Mama aliteka bila kupumzika. Nilimwacha ateke.

"Labda ni moshi wa maharage yangu," alisema mwishoni. "Niliyaunguza jana."

"Si wewe," baba alimwambia. "Maji yamechoka. Ningekuwa bado nasafiri yasingechoka."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema. Nilifungua mdomo. Nikafikiria karatasi niliyoisoma mara tatu, na shimo nililochimba, na jinsi ambavyo hakuna mtu angeamini kwamba nilijua yote hayo na bado nikafanya. Nikaufunga.

Kesho yake baba hakuvaa sare. Mama alikunja shati, akaliweka pamoja na kofia juu ya kabati. Baba alikaa ukumbi wa nyuma, ameupa mgongo mlango wa sebule, na mtu alipomwuliza jambo alijibu ndiyo au hapana. Hakula vizuri. Siku ya tatu muuza maziwa alichungulia dirishani kama kawaida, akaona tangi limetulia, akavua kofia. Hakutania. Alipima maziwa, akaongeza kikombe kimoja bila kuombwa, akaondoka kwa miguu akisukuma baiskeli.

Siku ya sita nilitoka uani nikamkuta baba na kisu. Alikuwa akikata madumu. Alikata kila moja katikati, sehemu ya chini iwe chombo cha maji ya kuku, ya juu iwe ya kumwagilia mboga. Manne yalikuwa yameshakatwa na kupangwa kwa mstari, la tano alikuwa analimalizia. Pembeni yake lilikuwa la sita, limejaa, ile nailoni bado chini ya mfuniko. Alikuwa amelitoa chini ya kitanda. Alilivuta, akaanza kuzungusha mfuniko.

"Baba, usilimwage."

"La nini tena? Maji yenyewe yanachoka. Hata haya yatakuwa yameshachoka."

"Hayakuchoka," nilisema. "Ni mimi."

Nikamwambia. Beseni, dawa, mistari, mvua, lita nne. Nilimwambia hata kuhusu karatasi. Na nilipokwisha kuanza sikuweza kunyamaza, nikamwambia na habari za mtihani wa hesabu, swali la kwanza na maswali ambayo sikuyafikia. Mama alikuwa dirishani jikoni. Niliona mkono wake umesimama juu ya sufuria.

Baba aliweka kisu juu ya goti.

"Siku sita," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Siku sita umenitazama nimekaa pale." Aliashiria kwa kidevu kiti cha ukumbini. "Na mama yako na maharage yake."

Nilimtazama akiweka kisu chini na kumalizia kufungua mfuniko. Hakumwaga. Aliinamisha uso kwenye mdomo wa dumu, akanusa, akachovya kidole, akakilamba. Alifumba macho kidogo. Sura aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona, si ya furaha na si ya msamaha, na sijui niiite nini mpaka leo.

"Kwa hiyo maji yalikuwa mazuri," alisema.

"Yalikuwa mazuri, baba."

"Yote? Hata yale ya mwisho?"

"Yote."

Alirudisha nailoni mahali pake, akafunga mfuniko, akaukaza kwa viganja vyote viwili. Kisha aligeuza kichwa kuelekea dirisha la jikoni, akaita kwa sauti ile ya behewa la mwisho ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi: "Mama wa huyu! Umesikia? Maji yalikuwa mazuri!"

"Nimesikia," mama alisema.

Baba alinyanyuka, akalibeba dumu ndani begani kwake, peke yake, na nilisikia linavyoburutwa sakafuni kurudi chini ya kitanda. Mimi nilibaki uani na yale matano yaliyokatwa. Niliyachukua moja moja nikayaosha.